Kiharusi Kabla ya Harusi

Mama Ardis alisubiri nivue buti kwanza, ndipo aniambie kwamba harusi yangu haipo tena. Ndivyo alivyo Mama Ardis Tveit. Hata akiwa na neno la kukuvunja moyo, sakafu yake lazima ibaki kavu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Machi, tumetoka ibadani, na ziwa lililo nyuma ya nyumba yake lilikuwa bado limeganda kiasi cha kubeba gari. Niliingia jikoni na bakuli langu la viazi na nyama ya kusaga, la moto bado, nimelifunga kwa taulo. Nels, mwanawe, mchumba wangu mimi, hakuwepo mezani. Nilimsikia chini ya nyumba, kwenye karakana yake, akipiga msasa ubao. Mlio ule tu ulitosha kunipasha moto kuliko jiko la Mama Ardis.

"Utakunywa kahawa, Berit?" akaniuliza.

"Hapana, asante."

"Kidogo tu."

"Hapana, mama, usijisumbue."

"Imeshachemka."

"Haya, basi. Nusu kikombe."

Akanijazia kikombe kizima. Kwetu huku kaskazini mwa Minnesota mtu hakubali kitu mara ya kwanza. Hapana ya kwanza ni adabu, na ya pili ni adabu iliyokolea. Mara ya tatu ndipo mtu anasema anachotaka. Mgeni asiyejua hilo anaweza kufa njaa ndani ya nyumba iliyojaa chakula.

Mama Ardis hakuketi. Alichukua kitambaa akaanza kuifuta meza ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Jioni nitampigia mchungaji," akasema. "Ile Jumamosi ya Juni awape watu wengine."

"Jumamosi ipi?"

"Yenu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi naendesha lori la kaunti la kusukuma theluji, na msimu mzima wa baridi masikio yangu huwa yanavuma. "Mama, hebu rudia."

"Umesikia, mwanangu. Nimemuuliza Nels mwenyewe. Kasema hapana."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, tena kwa sauti. "Mama Ardis, Nels anasema hapana kwa kila kitu! Jana nilimuuliza kama jina lake ni Nels, akasema hapana. Nikamuuliza kama yeye ni Mfalme wa Norway, akasema hapana. Ndilo neno alilobakiwa nalo."

Na ni kweli. Tulipanga harusi, kikaja kiharusi. Kilikuja Novemba, asubuhi, tukiwa mezani. Wiki nzima Nels alikuwa akilalamika kwamba shingo inamuuma tangu alipobeba kabati kichwani peke yake, maana fundi wetu huyu ana kichwa kigumu kuliko mbao zake. Nikamwambia ukome ubishi. Akafungua mdomo anijibu, kikombe kikamdondoka mkononi, upande mmoja wa uso ukateremka, akaniita "Mlango." Mimi, Mlango! Nilicheka kidogo kabla sijaelewa. Daktari wa kwanza aliyempokea akamuuliza amekunywa nini, kwa sababu nani anatazamia kiharusi kwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye mabega kama hayo? Nikamwambia hajanywa hata kahawa, mpige picha ya kichwa sasa hivi, na nilimwambia kwa ile sauti ninayotumia barabarani. Wakapiga. Mshipa wa shingoni ulikuwa umechanika kwa ndani, damu ikaganda, bonge likapanda kwenye ubongo.

Ugonjwa ulichukua nguvu za mkono wa kulia, ukaulegeza mguu, kisha ukaenda kwenye maneno ukapora kama mwizi asiyejua thamani ya vitu. "Ndiyo" lilitoweka kabisa. "Hapana" likabaki, na "kahawa," na "mama," na matusi yote, mazima, yanatoka wazi kama ya mtangazaji wa redio. Mama Ardis, mwanamke wa kwaya, alikuwa akikohoa kila yalipotoka ili yasifike kwa majirani.

"Dole gumba je?" nikauliza, bado natabasamu. Bi Renata, mwalimu wake wa usemi, ndiye aliyetufundisha: msisikilize mdomo, tazameni dole la mkono wa kushoto. Juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Dole lake halidanganyi.

Mama Ardis aliacha kufuta meza.

"Chini," akasema.

Tabasamu likanikauka. Kule chini msasa ulinyamaza, ukaanza tena.

"Ulimuuliza vipi hasa?"

"Nilimuuliza vizuri. Nilimwambia, Nels, mwanangu, hivi kweli unataka kumfunga mtoto wa watu na maisha haya, hiyo Juni, mbele ya kanisa zima? Akasema hapana. Nikamwambia nioneshe dole. Akaonesha. Nikamwambia, nilijua tu, wewe ni mwana mwema."

"Mama!"

"Usinipandishie sauti, Berit. Mimi sikutakii mabaya. Unajua Orville wangu alikaa kwenye kiti miaka mingapi baada ya lile trekta kumwangukia? Nilikuwa kijana kama wewe. Mikono yangu hii ilimvalisha, ikamlisha, ikamgeuza kitandani. Ninachokisema nimekipitia."

"Nels hayuko kwenye kiti. Anatembea. Jana kaenda mpaka ziwani na kurudi."

"Anaburuta mguu."

"Na auburute! Mguu ni wake."

Akanitazama kwa macho yale ya buluu yaliyofifia, na nikaona kwamba hana hasira hata kidogo. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilinichoma zaidi.

"Nikuulize kitu," nikasema. "Hiyo miaka yote na mzee Orville. Ulijuta?"

Kitambaa kikazunguka mezani, kikazunguka tena. Mama Ardis akageukia dirisha. "Haikuwa mbaya sana," akasema.

Asiyekuwa wa huku angedhani amemsema vibaya marehemu. Sisi tunajua. Kwetu "si mbaya sana" ndiyo sifa ya juu kabisa, na mwanamke akisema hivyo juu ya mume wake, amekwisha kusema kwamba alimpenda hadi kufa. Nilitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa amenikatia harusi, kwa hiyo nikajizuia.

"Basi kwa nini unataka mimi niikose?"

Akauliza lake, polepole: "Wewe mwenyewe, Berit, tangu augue, umewahi kumuuliza kama bado anataka?"

Hapo akawa amenipata. Mimi ninayebishana na tufani barabarani, sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza kama ana njaa, kama amemeza vidonge, kama soksi zinambana. Swali lile moja nililikwepa tangu Novemba, kwa sababu niliogopa dole.

Nikaacha kahawa, nikashuka ngazi na soksi zangu.

Nels alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi, kanipa mgongo. Ubao ulikuwa umebanwa kwa jiliwa, mkono wa kulia ameuegemeza juu yake kama jiwe la kuzuia karatasi, na wa kushoto unasukuma msasa. Nywele zilikuwa zimemfika kwenye kola. Hakuna aliyethubutu kumpeleka kwa kinyozi tangu majira ya baridi yaanze. Mashati yake mama yake ameyatoa vifungo na kuyatia zipu. Nilimtazama shingoni, pale pale mshipa ulipomsaliti, na nikataka kumbusu hapo hapo, ugomvi baadaye. Mapenzi hayana aibu jamani.

Akageuka. Macho yake yalipokutana na yangu, uso ukamwaka, ule upande unaotii kwanza, kisha ule mwingine ukafuata taratibu. Halafu akanisoma, akajua. Tabasamu likazimika.

"Umemwambia mama yako hutaki harusi?" nikasema kwa pumzi moja. "Yaani hunitaki, au unanionea huruma, au umechoka, au ni nini? Unataka niende zangu au nibaki? Sema!"

"Hapana," akasema Nels.

"Hapana ipi?"

"Hapana. Hapana!" Akagonga meza kwa ngumi ya kushoto, likamtoka tusi moja refu, safi kabisa, la kutia haya. Juu jikoni mtu akakohoa. Kisha akanyoosha dole gumba. Lilikuwa linaangalia chini.

Nikageuka, nikapanda ngazi mbili, machozi yameshanijaa. Nitaliendesha lori langu mpaka Kanada, nikajiambia, na nitawasukumia theluji watu wenye adabu. Hapo nikakumbuka Bi Renata, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, alivyonishika mkono siku ya kwanza akaniambia: "Wewe, bibi wa lori, tatizo lako ni mwendo. Unamuuliza maswali matano kwa pamoja, naye anajibu moja, na hujui lipi. Uliza moja. Kisha ukalie mikono yako, ungoje. Ukimsaidia neno, umemnyang'anya."

Nikashuka tena. Nels alikuwa hajasogea. Kifua kinampanda na kushuka, na jasho limemtoka kwenye paji la uso.

Nikavuta ndoo, nikaipindua, nikaketi. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia kabisa.

"Samahani, fundi," nikasema. "Naanza upya. Moja moja."

Akashusha pumzi.

"Unataka niondoke?"

"Hapana," mdomo ukasema. Dole likaenda chini.

"Unataka nibaki?"

"Hapana," mdomo ukasema. Dole likaenda juu. Likapanda juu kwelikweli, akalinyoosha hadi mkono wenyewe ukatetemeka.

Nikaanza kupumua. "Unanitaka mimi? Mimi Berit, na mdomo wangu huu?"

"Hapana, hapana, hapana," akasema Nels, na dole lilikuwa juu, na macho yake yalikuwa na maji, na kama kuna mwanamke aliyewahi kukataliwa kwa utamu kama ule, ajitokeze tulinganishe.

"Sawa. Unataka harusi?"

Juu.

"Juni?"

Dole likasita. Likalala ubavu. Halafu likashuka.

"Kwa nini?"

Hili halikuwa swali la dole. Nilijua, naye alijua. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nikaona neno linamjia hadi kwenye ulimi na kurudi. Tanuri la kupasha nyumba joto likawaka, likavuma, likazima. Nilikuwa na maneno kumi tayari ya kumpa: unaumwa, unachoka, unaona aibu, mguu, pesa, mama. Yote yalinisukuma meno kwa ndani. Nikaikalia mikono yangu kwa nguvu zaidi, mpaka ikafa ganzi.

"Kanisa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mchu... mchu... Mchungaji." Akafuta jasho. "Anauliza."

"Mchungaji anauliza," nikasema, kumwonesha tu kwamba nimelipata.

Akaona maneno hayamtoshi, akaamua kuigiza. Akasogea katikati ya karakana, mguu ukiburura vumbi la mbao. Akajinyoosha, akakunja uso kama mchungaji wetu, akainua mkono wa kushoto kama ameshika kitabu. Akatazama kulia, mahali ambapo bwana harusi angesimama. Kisha akahamia upande ule, akawa bwana harusi. Akanyoosha kola. Akatabasamu mbele ya kanisa zima, shangazi zake wote, kwaya, na wanawake wa jikoni waliosimama nyuma na aproni zao. Akavuta pumzi.

"HAPANA!" akanguruma.

Karakana ikaitika. Nels akabaki amesimama pale, mkono umeanguka ubavuni, akinitazama kama mtu aliyekwisha kufa siku hiyo ya harusi mara nyingi kichwani mwake, akiwa peke yake.

Nikaelewa yote. Hakuwa ananikataa. Alikuwa akiogopa kwamba mbele ya watu wote hao, siku ile moja, swali lile moja, kinywa chake kitanikataa.

Mungu anisamehe, nikacheka. Nilijaribu kuzuia, nikaziba mdomo, kicheko kikatokea puani. Nels akanitazama, akatoa macho. Halafu midomo ikaanza kumcheza, na yeye akacheka, kicheko chake cha zamani, ambacho ugonjwa haukukigusa. Tukacheka hadi akashika meza asianguke. Nikainuka nikamshika kiunoni, kichwa changu kifuani pake, na hapo kicheko changu kikageuka kilio bila kuaga.

"Mjinga wewe," nikamwambia kwenye zipu. "Miezi yote hii nimelala na hofu. Bwana wewe, hebu niambie, hapa kwetu nani anayekubali kitu mara ya kwanza? Mama yako anakataa kahawa jikoni kwake mwenyewe. Ukisema hapana, mchungaji atadhani una malezi mazuri. Atauliza tena. Shangazi zako watasema, ona huyo, kafundwa."

Akacheka tena, kidogo. Kisha akanisogeza kwa mkono wa kushoto ili nimwone usoni, na hakuwa anacheka tena.

"Si... mzaha," akasema.

"Najua."

"Nataka... sema. Mimi." Akagusa mdomo. Akakunja dole gumba ndani ya ngumi, akalificha. "Si hii." Akatikisa kichwa juu chini kama mbuzi. "Si hii."

"Hutaki kujibu kwa dole. Hutaki kuitikia kwa kichwa. Unataka kusema kwa mdomo wako."

Dole likatoka mafichoni, likaenda juu, na tukajikuta tunatabasamu kwa sababu limemsaliti.

Nikakaa tena kwenye ndoo. Watu wengine huwazia mambo yao wakitembea. Mimi huwaza nikiwa nimeketi, kwa kuwa kazi yangu ni ya kwenye usukani. Nikafikiri. Lile "ndiyo" limepotea, na "hapana" linaruka mbele kila anapoulizwa. Lakini lini? Anapoulizwa. Dakika hii hii amesema "nataka." Amesema "si mzaha." Hakuna aliyemuuliza chochote, maneno yakaja yenyewe, kwa jasho, lakini yakaja.

"Nels," nikasema, "kwani ni lazima mchungaji aulize?"

Akakunja uso.

"Swali ndilo linaloita hapana. Tuliondoe swali. Asikuulize mtu. Usimame tu pale, useme la kwako. Unalolitaka wewe."

Nikaona wazo linamwingia, jinsi linavyomwingia anapotazama ubao na kuona mlango ndani yake. Mabega yakamshuka. Akaja mbele yangu, akataka kupiga goti, mguu ukakataa, akatukana, akabaki amesimama. Akanishika mkono.

Ngazi zikalia. Mama Ardis alikuwa anashuka na sinia la kahawa, pole pole, kwa sababu alikuwa amesikia HAPANA ile na kilio kilichofuata, na alikuja kunifariji kwa keki. Akafika ngazi ya katikati, akatuona, akasimama.

Nels hakugeuka. "Na," akasema.

Nikangoja.

"Na... naku..."

"Nakupenda," Mama Ardis akanong'ona kutoka kwenye ngazi, hakuweza kujizuia, maskini. "Anataka kusema nakupenda."

Nels akafumba macho. Neno lake, alilokuwa amelivuta kutoka mbali, likatumbukia. Nilikiona kile kifo kidogo usoni mwake. Kila siku, mara ngapi, nyumba hii imemfanyia hivyo kwa mapenzi, na mimi nikiwemo.

"Mama," nikasema taratibu, bila kumtazama. "Tafadhali."

Mama Ardis akaketi pale pale kwenye ngazi, sinia magotini, akabana midomo yake.

Tanuri likawaka tena. Nels akafumbua macho, akanikuta nipo. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia, kwamba alitafuta na bado nilikuwa pale, na sikuwa na haraka. Akaanza tena kutoka mwanzo. Midomo ikakaa, ikakosea, ikakaa upya. Mkono wake wa kushoto ulinibana vidole hadi vikauma.

"Naku," akasema. "Naku... o..."

Kahawa ilikuwa inapoa.

"Nakuoa," akasema Nels. Kisha, kwa kuwa limeshatoka na lilikuwa zuri, akalisema tena, zima, bila kukwama: "Nakuoa. Wewe."

Hakuna wimbo wa kwaya utakaonifikisha pale tena. Nilimtazama mtu huyu ambaye maneno yake yote yangeweza kuenea kwenye kiganja, na ametumia moja juu yangu.

Kwenye ngazi, Mama Ardis alikuwa analia waziwazi, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya Orville. Machozi yakadondokea keki. Akaliweka sinia kando, akajifuta kwa aproni, na mara moja akawa mtu wa kazi.

"Haya," akasema, sauti imemkwaruza. "Kwa hiyo mchungaji asiulize swali. Nitampigia nimwambie. Hatapenda, lakini nitamwambia." Akamtazama mwanawe. Nikaona anaanza kusema mambo matatu, nikaona anayameza, nikaona anachagua moja. "Nels. Ni Juni?"

Akangoja. Mama Ardis Tveit alikaa pale ngazini akangoja, mikono ameibana katikati ya magoti.

Dole likaenda juu.

"Vema," akasema, na pua yake ilikuwa nyekundu. "Vema. Kutakuwa na mbu wengi."

Nels akanigeukia mimi. Akainua nyusi. Akanielekezea kidevu.

"Wewe?" akasema.

Langu lilipaswa kuwa rahisi. Kila mtu katika kaunti yetu anajua kwamba Berit Haugland hajawahi kukosa la kusema. Nikafungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Maneno yalikuja yote kwa pamoja yakakwama mlangoni kama watu wanaokimbia moto.

"Anasema—" akaanza Mama Ardis.

Nels akainua mkono wa kushoto, kiganja kikiwa kimefunguka, kumzuia. "Mama," akasema. "Ngoja."

Wakangoja wote wawili. Nels hakunisaidia. Hakunipa hata herufi moja. Alisimama tu mbele yangu na uso ule wenye pande mbili, mtulivu, kama mtu mwenye mchana mzima wa kunipa.

"Nakuolewa," nikasema.

Hakuna neno kama hilo. Mtoto wa darasa la kwanza angechekwa kwa kulisema. Lakini Nels alilipokea vile vile lilivyokuja.